Mashine Ifungue, Mkono Ukaze: Mafunzo Niliyopata Kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Kabla ya lami, kazi kubwa ya fundi matairi wa Mbinga ilikuwa pancha. Siku hizi ni nati. Kilomita 66 za kwenda Mbamba Bay, zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, zamani zilikuwa mawe na matope, na gari lilitambaa. Leo Fuso yenye saruji inateremka milima ya Umatengo kwa mwendo, Coaster inaipita, na upande wa Kitai malori yanayobeba makaa ya mawe ya Ngaka yanafuatana kwenda Songea na mbele zaidi. Mwendo umeongezeka, mzigo umeongezeka, na kinachozuia gurudumu lisiende zake ni nati chache tu. Umeme nao ulikuja: mwaka 2018 msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ulifika Songea, na majenereta ya dizeli ya huku kwetu yakapata kupumzika. Polepole mashine za nati, za upepo na za betri, zikaanza kuonekana kwenye vibanda ambavyo vilikuwa na wili spana na kipande cha bomba basi.

Nimezitumia za aina zote mbili. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo muuzaji wa Kariakoo hakuambii, na mengine si ya kuisifu mashine.

1. Mashine hii imezaliwa kufungua

Asiyeijua hudhani ndani mna mota inayoisokota nati kwa nguvu kubwa. Ingekuwa hivyo, mkono wako ndio ungezunguka, maana nguvu inayosukuma nati mbele humsukuma mshikaji nyuma. Ndani mna nyundo. Mota huizungusha; nati ikigoma, nyundo hurudi nyuma ikiibana springi, kisha huchomoka na kulipiga fuawe lililoshikana na soketi. Pigo lenyewe ni la kitambo kidogo mno. Mkono unasikia mtetemo tu, lakini nati inalipata pigo lote. Mashine ya betri ya kawaida hupiga mapigo 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Za upepo zina namna nyingine za nyundo, ila wazo ni hilohilo.

Ndiyo maana inafungua vizuri sana. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakiigonga nati iliyoota kutu kwa nyundo kabla ya kuitia spana, kwa sababu kutu huvumilia kubanwa kuliko inavyovumilia kugongwa. Mashine inafanya mambo yale mawili kwa pamoja, kugonga na kuzungusha. Nati ya Land Rover ya misheni iliyokaa miaka bila kufunguliwa, ambayo zamani ingetaka gesi na tindo, inaachia wakati mwenye gari hajamaliza kusalimia.

Tatizo linaanza unapoisukuma swichi upande wa kukaza. Bolti iliyokazwa sawasawa imevutika kidogo, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakoibana rimu kwenye habu. Ni mpira wa manati: usipouvuta haurushi kitu, ukiuvuta kupita kiasi unakatika. Sasa, katika nguvu yote unayoitia kwenye nati, karibu sehemu moja ya kumi tu ndiyo inayoivuta bolti. Nusu hivi inaliwa na msuguano chini ya uso wa nati, na iliyobaki inaliwa ndani ya meno. Kwa hiyo kutu kidogo, mchanga, rangi au tone la grisi linabadilisha hesabu nzima. Bolti yenye kutu itaigomea mashine mapema na kuonekana imekaza kumbe rimu haijabanwa. Bolti yenye grisi itavutwa kupita kikomo chake bila kuleta ubishi wowote. Na mlio wa mashine katika hali zote mbili ni uleule.

Utaratibu wa gereji yetu ni huu. Nati inaanzishwa kwa vidole, mizunguko mitatu angalau, ili ijulikane kuwa imeshika meno yake. Mashine inaileta mpaka iguse rimu, ikiwa imewekwa kwenye nguvu ndogo. Hapo inawekwa chini. Kukaza kwenyewe ni kwa mkono, kwa mpangilio wa nyota, nati hii kisha ile inayoikabili. Vijana hawaupendi utaratibu huu. Mmoja aliniambia, "Mzee, Songea wanapiga mashine tu mpaka nati inyamaze."

"Najua, dogo. Na bolti zilizokatika tunazong'oa hapa kila wiki, wenyewe wanatoka wapi?"

2. Kipimo kipo hata kama spana ya toki haipo

Spana ya toki, ile inayotoa mlio wa "ka" ikifika kiwango ulichoipangia, ni ghali, na ile ya malori ni ghali zaidi. Vibanda vingi vya njia hii havina. Lakini nguvu ya msokoto ni hesabu ya darasa la fizikia ambayo kila aliyefika kidato cha pili Kigonsera au kwingine aliifanya: uzito mara urefu wa mkono wa spana.

Kilo moja inavutwa na dunia kwa nguvu ya karibu newtoni kumi. Mtu wa kilo 60 akisimama mwisho wa bomba la mita moja lililolala sawa na ardhi, anaitia nati karibu newtoni-mita 590. Lori kubwa lenye bolti kumi za unene wa milimita 22 kwa kawaida linataka newtoni-mita 600 hadi 700 kwa kila nati. Tazama basi: utingo mmoja wa kilo 65, bomba la mita moja, na umeshafika. Wazee hawakuwa wakibahatisha walipomwambia utingo apande juu ya bomba. Walikuwa na mizani, ila hawakuiita hivyo.

Masharti yake ni matatu tu. Bomba lilale sawa, kwa sababu likiinama kipimo kinapungua. Utingo asimame, asiruke. Anayeruka anaongeza nguvu ambayo hakuna anayeijua. Na ashike bodi ya gari kwa mikono miwili, maana soketi ikiteleza anaanguka yeye na bomba linamfuata.

Kwa gari dogo hesabu inageuka kuwa onyo. Noah au IST inataka takribani newtoni-mita 100. Wili spana ya gari dogo ina mkono wa kama sentimita 30. Kuisukuma kwa mkono kwa nguvu ya kilo 35 kunatosha kabisa. Baba wa kilo 80 akipanda juu yake ameshapeleka newtoni-mita 235, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa, na anashuka akijipangusa mikono akiwa ameridhika. Mashine ya betri ya nusu inchi (ndio upana wa mraba unaoshika soketi) iliyoachwa kwenye nguvu kubwa inapita hapo kwa sekunde mbili. Kisha mkewe apate pancha peke yake Mkako, na ile spana fupi iliyo kwenye buti haifungui kitu.

3. Kushoto kwa Fuso

Hili ni somo ninaloanza nalo kwa kila kijana, kwa sababu linakata bolti nyingi kuliko ujinga mwingine wote. Fuso na Canter nyingi zilizotufikia zikiwa zimetumika Japani zina bolti za mtindo wa zamani wa Kijapani. Magurudumu ya kulia yana meno ya kawaida. Ya kushoto yana meno ya kinyume: unafungua kwa kuzungusha upande ambao siku zote unakazia. Sababu yake ni kwamba gurudumu la kushoto likienda mbele linazunguka kinyume cha saa ukilitazama kutoka nje, na wahandisi wa Kijapani walitaka mzunguko wa gari usiwe unailegeza nati.

Fundi mwenye wili spana akikosea upande, mgongo wake unamwambia. Anasukuma, nati haiendi, anasimama, anajiuliza. Mwenye mashine ya inchi moja, inayotoa newtoni-mita 2,000 na zaidi, hapati nafasi ya kujiuliza. Anabonyeza, bolti inavutika, inavutika, inakatika, naye anasema "hii ilikuwa na kutu." Kwenye ncha ya bolti au kwenye nati kuna herufi imegongwa, R au L. Ipanguse matope uisome. Hata dereva wake anaweza asijue, hasa kama gari limebadilisha mikono.

Kwenye matairi pacha ya nyuma kuna jambo jingine, na hili limewashinda hata wakongwe. Mtindo huo wa Kijapani una nati mbili kwa kila bolti. Ya ndani ni ndefu, mwisho wake ni mraba wa milimita 21, nayo ndiyo inayolibana tairi la ndani. Juu yake inapanda nati ya nje, pembe sita za milimita 41, inayolibana tairi la nje. Ukikaza ya nje peke yake, hujaligusa tairi la ndani hata kidogo. Linaweza kuwa limelegea huku nje kunang'aa kwa usalama. Ili kuikagua ya ndani ni lazima uilegeze ya nje kwanza. Unalegeza nati za nje moja ndiyo moja siyo, unakaza za ndani zake, unarudisha za nje, kisha unahamia zile ulizoruka. Ni kazi ya kuchosha. Mwenye gari anakutazama akidhani unamtengenezea bili.

Kuanzia mwaka 2010 malori mapya makubwa ya Japani yalianza kuhamia mtindo wa kimataifa: nati moja kwa kila bolti, na meno ya kawaida pande zote. Kwa hiyo sasa ndani ya yadi moja unaweza kukuta Fuso mbili zinazofanana sura zenye desturi tofauti. Na wenyewe Wajapani hawajapona. Takwimu za wizara yao ya uchukuzi zinaonyesha kuwa magurudumu yanayochomoka kwenye malori, mengi ni ya nyuma kushoto, na mengi huchomoka msimu wa baridi, baada ya watu kubadilisha matairi ya theluji. Nchi yenye spana za toki kila kona bado inasumbuliwa na nati zilizoguswa juzi. Sisi huku tunaoendesha kushoto kama wao, tairi la kushoto likila kingo za barabara na mashimo ya pembeni, tuna sababu zaidi ya kulitazama lile la nyuma kushoto kwa jicho la pekee.

4. Hewa ya mlimani ni nyepesi

Mashine ya upepo inataka hewa ya paundi 90 kwa inchi ya mraba, sawa na bar sita na kidogo. Kila kompresa inafika hapo. Wengi wanaishia kutazama mshale wa geji na kununua. Kinachoendesha mashine lakini ni wingi wa hewa inayopita, na wingi huo geji haiuonyeshi. Mashine ya nusu inchi inaridhika na kompresa ndogo. Ya inchi moja inaimaliza tangi la lita 50 kabla nati ya pili haijatoka, kisha fundi na dereva wanasimama kuisikiliza mota ikinguruma.

Huku kwetu kuna nyongeza. Mji wa Mbinga uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 na zaidi, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 14 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 474 hivi, upungufu ni wa asilimia tano tu. Kompresa ileile, kwa mota ileile, inajaza tangi haraka zaidi Mbamba Bay kuliko Mbinga. Kwa hiyo namba za kwenye kibao, zilizopimwa kwenye usawa wa bahari, zikate kabla hujalipa. Nunua kubwa kuliko ulivyoambiwa.

Kabla ya kuilaumu mashine, tazama mpira wa upepo. Mpira mwembamba wa kujazia matairi, wa mita 20, uliofungwa viraka vitatu, hauwezi kulisha mashine ya inchi moja hata kompresa iwe ya kiwandani. Na umeme wa jioni, saa ambazo mashine za kusaga zote zinaunguruma, huwa hafifu kiasi kwamba mota ya kompresa inashindwa kuanza na badala yake inapata joto. Kazi za malori tunazifanya asubuhi.

Juni na Julai ukungu ukilala Mbinga, tangi linakusanya maji. Fungua koki ya chini kila siku kabla ya kuanza, na tia matone machache ya mafuta mepesi kwenye mdomo wa mashine unapoingia upepo. Anayepuuza hayo mawili anaijaza mashine yake kutu, halafu anasema za Kichina hazidumu.

5. Namba ya betri haina aibu

Ya betri imetuokoa wengi. Gari likikwama kwenye kona za mteremko, hubebi kompresa wala jenereta; unapanda bodaboda na begi. Lakini hakuna kifaa chenye namba za uongo kama hiki.

Anza na zile za kawaida. Betri ya 18V, ya 20V na ya 21V mara nyingi ni kitu kimoja. Ndani yake kuna seli tano za lithiamu zimepangwa mstari. Seli moja kwa wastani ina volti 3.6, na tano zinafanya 18. Ikitoka kwenye chaja imejaa ina 4.2, na tano zinafanya 21. Mmoja ameandika wastani, mwingine ameandika kilele. Wote hawajasema uongo. Kisha kuna zile zilizoandikwa 88, 128, 388, na herufi za ajabu mbele yake. Hizo ni mapambo. Fungua betri ya namna hiyo, na mimi nimezifungua, utakuta seli tanotano zilezile, safu moja au mbili.

Kwa hiyo pima kwa mkono. Betri yenye seli kumi ni nzito wazi kuliko ya seli tano, na ndiyo utakayoitaka kwa nati za malori madogo, maana safu mbili zinatoa mkondo bila kuchoka. Kuhusu nguvu ya msokoto iliyochapishwa kwenye boksi, uliza ni ya kufungua au ya kukaza. Wauzaji huandika ile ya kufungua, ambayo huwa kubwa zaidi, wala hawasemi.

Joto ndilo adui yake mkubwa. Betri iliyoachwa kwenye dashibodi Mbamba Bay mchana wa Novemba, ikachajiwa papo hapo ikiwa bado ya moto, haimalizi mwaka. Iache kivulini ipoe kwanza.

6. Soketi nyeupe iache kwenye boksi

Soketi inayong'aa ni ya mkono. Chuma chake ni kigumu lakini hakivumilii mapigo. Ikipasuka inapasuka vipande, na vipande vinaruka usawa wa uso. Soketi ya mashine ni nyeusi, nene, ya pembe sita. Za pembe kumi na mbili zinaila nati. Miwani ya kinga yenye kioo kisicho cha giza inatosha kwa kazi hii, na kijana asiyeivaa simpi mashine.

7. Ukifika ziwani, kaza tena

Watengenezaji wa malori wanakubaliana juu ya jambo hili kuliko jambo lolote: gurudumu lililofunguliwa likafungwa likaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Rangi kati ya rimu na habu inasagika, uchafu unajipanga, rimu inakaa mahali pake, na bolti inapoteza sehemu ya mvuto wake bila nati kuzunguka hata kidogo. Jiografia yetu imerahisisha somo hili. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Kutoka Mbinga hadi Songea ni karibu 100. Ukibadilishiwa tairi kwangu, popote unapokwenda, mwisho wa safari ndipo pa kukaza. Nawaandikia madereva hivyo kwenye risiti. Wachache husoma.

Njia ya ziwani ina lake. Gari linapoteza mwinuko wa zaidi ya mita 800 kwa safari moja, na dereva asiyejua kutumia gia anaishusha Fuso kwa breki mwanzo hadi mwisho. Ngoma ya breki inapata joto, joto linahamia kwenye habu na kwenye bolti, na kila chuma kinatanuka kwa namna yake. Ukikaza nati wakati huo unakaza kipimo cha uongo. Zikipoa hujui umebaki na nini. Mwambie dereva akale usipa kwanza, dagaa wetu wa ziwani, anywe na chai. Akirudi, ukiweka kiganja karibu na habu na hakikuunguzi, ndipo upeleke bomba.

Kati ya kukaza na kukaza kuna vitu viwili vya bure vya kutazama. Cha kwanza ni michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati kwenda pembeni mwa rimu. Nati inayochezacheza inasaga chuma, vumbi lake linaota kutu, na mvua inalichora. Ukiuona mchirizi, gari lisiondoke. Cha pili ni mstari wa rangi ya mafuta uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikizunguka hata kidogo mstari unavunjika, na utingo anauona kwa tochi usiku. Kopo moja la rangi ya njano linatosha mwaka mzima. Mabasi ya kampuni kubwa yana vimshale vya plastiki vya kazi hiyo, vizuri kabisa, ila vikidondoka havirudishwi.

Malori ya makaa nayo yananipa kazi ya brashi. Vumbi la makaa ni laini na linapenya kila mahali, likikaa kati ya rimu na habu linakuwa utando usioonekana, kisha likisagika nati zote kumi zinapoteza mvuto kwa mpigo. Brashi ya waya kwenye nyuso zote mbili kabla ya kurudisha gurudumu, kila mara. Hakuna mashine inayofidia uso mchafu.

8. Usikidharau kile cha kuzungusha kwa mkono

Madereva wengi wa malori marefu wana boksi lenye kifaa cha mkono chenye gia ndani: unakizungusha mpini mizunguko mingi, na soketi inakwenda kidogo sana kwa nguvu kubwa mno. Hakitaki umeme wala upepo. Uwiano wa mzunguko huwa kama 58 kwa moja, hivyo mwanamke mwembamba anaifungua nati iliyomshinda utingo na bomba lake. Kwa kufungua barabarani, mimi nakipa alama kuliko mashine ya betri. Kwa kukaza ni hatari kwa sababu ileile: mkono hausikii chochote mpaka bolti imeshakwisha. Na mguu wake unaoegemea nati ya jirani ukikaa vibaya, kinaruka.

9. Boti haitaki mashine

Nikiteremka Liuli au Mbamba Bay kwa kazi za magari, wavuvi huniita kwenye injini zao. Liuli ni mahali pa zamani pa kutengenezea vyombo. Hapo ndipo Agosti 1914 Waingereza waliishambulia meli ya Wajerumani, *Hermann von Wissmann*, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Leo vinavyopandishwa mchangani ni boti za usipa zenye injini za Yamaha, na kijana mwenye mashine ya betri akitokea mjini huwa anawatamanisha.

Nawakataza. Injini ya boti mwili wake ni alumini, bolti zake ni za chuma, na meno yamo ndani ya alumini. Namba zake ni ndogo kiasi cha kuchekesha ukitoka kwenye malori. Nati ya propela ya injini ya nguvu farasi 40 inataka chini ya newtoni-mita 40, na inazuiwa isitoke na kotapini, wala si kwa kukazwa mno. Skrubu ya kumwagia oili ya gia inataka tisa tu. Tisa ni mkono mmoja kwenye bisibisi nene. Mashine, hata kwenye nguvu yake ndogo kabisa, inang'oa meno hayo kabla kidole hakijaachia swichi, na ukishayang'oa ni kutafuta fundi wa kuchonga Songea, siku mbili usipa wanapita.

Wanachopaswa kukitazama zaidi kuliko kukaza ni oshari ndogo ya skrubu ile. Ikichoka, maji yanaingia, na oili ikitoka inakuwa nyeupe ya maziwa. Mvuvi akiona hivyo huikaza skrubu zaidi. Haisaidii, oshari haigeuki mpya kwa kubanwa. Bahati yetu ni kwamba Ziwa Nyasa ni maji baridi. Mafundi wenzetu wa Tanga na Mtwara, chumvi inazishika bolti zao za injini kwenye alumini mpaka zinakatika zikiguswa. Huku grisi kidogo kwenye meno na kufungua mara moja kwa msimu vinatosha, na bolti inatoka kwa spana pete bila ugomvi.

Kwa hiyo begi langu la ziwani lina spana pete za 10 na 12, bisibisi nene, koleo la kotapini, oshari za akiba na kopo la grisi. Mashine inabaki kwenye gari. Mara moja tu niliiteremsha mchangani Liuli, nayo ilikuwa kwa nati za trela ya kuvutia boti, iliyokuwa imelala majini msimu mzima, na mwenyewe ameketi juu yake akisuka wavu, hataki kushuka mpaka amalize fundo.